Kuhakiki Picha Dhahania za Miamba Inayowaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia katika vikao vya kuhakiki picha hapa Dar es Salaam kila anapotokea mtu na picha ya mwamba unaoonekana kuwaka, iwe ni ya korongo la Marekani aliyoipiga safarini au ya jabali la pwani yetu lililopigwa na jua la alfajiri. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yenye utata. Msimamo unaoyaongoza majibu ni mmoja, na ni afadhali usemwe mapema: mwako wa jiwe hauwi sifa ya picha mpaka umbo lililomo ndani ya fremu liwe linautegemea.

## Mambo ya msingi

1. Picha dhahania ya mwamba ni picha ya namna gani?

Ni picha inayomnyima mtazamaji vitu ambavyo kwa kawaida humsaidia kutambua mahali: upeo wa macho, anga, mti, mtu, njia. Kinachobaki ni mistari, mikunjo, rangi na viwango vya mwanga. Mwamba bado ni mwamba, na kamera haijabuni chochote. Ila mpiga picha ameweka kingo za fremu mahali ambapo jina la kitu linaacha kuwa jambo la kwanza kufikiriwa.

Njia hii ina historia ndefu. Alfred Stieglitz alipiga picha za mawingu katika miaka ya 1920 akiiacha ardhi nje ya fremu, Edward Weston aliyasogelea mawe ya Point Lobos huko California, na Aaron Siskind katika miaka ya 1940 aligeukia kuta zilizobanduka rangi hadi picha zake zikakaribiana na kazi za wachoraji dhahania wa New York wa wakati wake. Kwetu pia jambo hili si geni: aliyewahi kupita kwa wachongaji wa Mwenge ameziona sanamu za Kimakonde za mtindo wa mawingu, ambazo hazimwonyeshi mtu wala mnyama, na bado hununuliwa na watu wanaojua wanachokitaka.

2. Kwa nini mwamba huonekana kuwaka ilhali hakuna moto?

Kwa sababu mwanga unaoufikia si wa jua moja kwa moja, bali umekwisha kugonga mwamba mwingine kabla. Mfano unaojulikana zaidi ni Antelope Canyon, korongo jembamba lililo katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, karibu na mji wa Page, Arizona. Kuta zake ni za jiwemchanga lililopakwa wekundu na oksidi ya chuma, na zimelainishwa kwa muda mrefu na mafuriko ya ghafla yaliyobeba mchanga. Jua huingia kwa juu kupitia ufa mwembamba, likagonga ukuta mmoja, mwanga ukarudishwa upande wa pili, kisha ukarudishwa tena chini zaidi.

Kila unaporudishwa, rangi yake hubadilika. Tuseme jiwe hurudisha asilimia 60 ya mwanga mwekundu na asilimia 20 ya mwanga wa buluu. Baada ya kugonga mara moja, wekundu ni mara tatu ya ubuluu. Baada ya mara mbili zinabaki asilimia 36 na asilimia 4, yaani mara tisa. Baada ya mara tatu uwiano unafika mara ishirini na saba. Mwanga umepungua sana, lakini uliobaki umekolea, na kwa kuwa unatoka kwenye ukuta mpana badala ya nukta moja angani, hautupi kivuli kikali. Jicho linaona sehemu yenye rangi nzito, isiyo na kivuli, iliyozungukwa na giza, na linahitimisha kwamba mwanga unatoka ndani ya jiwe.

Zambarau na buluu zinazoonekana kwenye mikunjo ya pembeni zina chanzo kingine. Sehemu hizo hazifikiwi na mwanga uliogonga kuta bali na ule wa anga tupu, ambao ni wa buluu. Mhakiki anayeelewa jambo hili ataweza kujibu nusu ya maswali yanayofuata bila msaada wa mtu.

3. Uhakiki una tofauti gani na kusema "kali sana"?

"Kali sana" humweleza mpiga picha jinsi ulivyojisikia. Uhakiki humweleza ni kitu gani ndani ya fremu kilichokufanya ujisikie hivyo, na kama kimefanya kazi yake chote. Pongezi ni halali, lakini zisiwe jibu zima.

## Kuitazama picha yenyewe

4. Nianzie wapi ninapopewa picha ya namna hii?

Anza kwa kutafuta mwanga unaingilia wapi, kisha ufuatilie unakoishia. Kila kitu kingine, yaani rangi, mpangilio, ukali wa lenzi na hata hisia, kisubiri.

Tuchukue picha ya mfano. Ni fremu ya wima. Mkunjo mpana wa jiwe unaanzia kona ya chini kushoto ukiwa wa rangi ya chungwa iliyoiva, unapanda ukijipinda kulia, unakuwa mwembamba, halafu unazama katika wekundu wa hudhurungi kabla ya kufika ukingo wa juu. Juu ya mkunjo huo imepita mistari myembamba ya tabaka za jiwe, inayokaribiana pale mkunjo unapogeuka na kuachana pale unapotandaa. Upande wa kulia kuna giza karibu kamili, na ndani ya giza hilo kuna utepe mwembamba wa zambarau. Katika ukingo wa juu, kushoto, kuna doa dogo jeupe kabisa.

Mhakiki wa pupa atasema rangi zinavutia. Aliyefuatilia mwanga atasema mengi zaidi: kwamba mwako unaanzia chini, jambo linalopingana na mazoea yetu ya jua kutoka juu, na upinzani huo ndio unaoipa picha msisimko, kwamba mistari ya tabaka inalisaidia jicho kupanda pamoja na mkunjo, kwamba utepe wa zambarau ndio unaoufanya weusi wa kulia uwe na kina badala ya kuwa shimo, na kwamba doa jeupe la juu linaharibu yote hayo, kwa sababu jicho hukimbilia penye mwanga mwingi zaidi na doa hilo linalitoa nje ya fremu kabla halijamaliza safari yake. Hapo mpiga picha ana jambo la kushika. Anaweza kupunguza ukingo wa juu, kulififisha doa, au kutetea kwa nini aliliacha.

5. Je, ni lazima nijue kilichopigwa ni nini, au kina ukubwa gani?

Hapana. Picha nyingi nzuri za aina hii humwacha mtazamaji asijue kama anatazama ukuta wenye urefu wa nyumba ya ghorofa mbili au ufa unaoingia kidole. Kutojua huko ni sehemu ya kazi.

Kuna hali moja tu inayostahili kuguswa: fremu inapokuwa na kitu kimoja kinachofichua ukubwa bila kukusudiwa, kama jani kavu, unyayo mchangani au kopo lililosahauliwa. Kitu cha namna hiyo huivunja picha mara moja, kwa kuwa akili huacha kutazama maumbo na kuanza kupima. Muulize mpiga picha kama alikiona alipobonyeza kitufe. Kama alikiona na akakiacha makusudi, mjadala unageuka na kuwa mzuri zaidi.

6. Nitajuaje kama rangi zimekolezwa kupita kiasi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kama shutuma. Kabla ya kushutumu, kumbuka maelezo ya swali la 2: mwanga uliorudishwa mara kadhaa kweli hukolea, tena kuliko mtu ambaye hajawahi kuingia mahali pa namna hiyo anavyoweza kuamini. Rangi kali peke yake si ushahidi wa chochote. Jiji lililozoea rangi za enameli za michoro ya Tingatinga, iliyoanzia Oyster Bay mwishoni mwa miaka ya 1960, halina sababu ya kuziogopa rangi kali.

Ushahidi uko kwenye maumbile ya jiwe. Tazama sehemu inayowaka zaidi na ujiulize kama bado unaziona chembe za mchanga, mikwaruzo na mistari ya tabaka. Katika faili ya kawaida yenye ngazi 256 kwa kila rangi, kutoka 0 hadi 255, nyekundu ndiyo hufika kileleni kwanza kwenye miamba hii. Ikishafika 255 haiwezi kupanda tena, hivyo ukizidi kukoleza au kuangaza, kijani kinaendelea kupanda peke yake na rangi ya chungwa inageuka njano bapa, kana kwamba mtu amebandika kipande cha plastiki juu ya jiwe. Histogramu ya jumla, yaani grafu ya viwango vya mwanga vya picha nzima, inaweza isionyeshe tatizo. Fungua histogramu ya rangi nyekundu peke yake.

Dalili ya pili iko kwenye vivuli. Mtu anapokoleza picha nzima kwa kitelezi kimoja, vivuli vilivyopaswa kuwa vya kijivu au hudhurungi hupata zambarau inayofanana kila mahali. Zambarau ya kweli huwa na sababu: inaonekana pale anga inapoweza kuufikia mwamba na inatoweka pale isipoweza. Ukiiona hata ndani ya mkunjo uliofunikwa kabisa, una haki ya kuuliza imetoka wapi.

Njia ya tatu ni ya haraka. Iondolee picha rangi zote kwa muda na uitazame ikiwa ya kijivu. Mwako ukiendelea kuonekana, umejengwa na viwango vya mwanga na rangi imeusaidia tu. Ukitoweka kabisa na kuacha ukuta uliofifia, ulikuwa umetegemezwa na rangi peke yake, na hapo ndipo msimamo uliotajwa mwanzoni mwa ukurasa huu unapouma.

7. Sehemu nyeusi kabisa au nyeupe kabisa ni kosa?

Nyeusi, kwa kawaida si kosa. Mwako unahitaji giza la kulinganishwa nalo, na mpiga picha anayefungua vivuli vyote ili "maelezo yaonekane" mara nyingi huua kile alichokifuata. Swali la kuuliza ni kama weusi una umbo. Weusi uliokatwa vizuri na ukingo wa mkunjo ni sehemu ya mchoro, lakini uliotapakaa bila mpaka ni uzito uliosahauliwa.

Nyeupe ni jambo jingine. Katika picha hizi mwanga mwingi zaidi unapaswa kuwa na rangi, kwa sababu umetoka kwenye jiwe. Weupe mtupu humaanisha kwamba anga au jua la moja kwa moja limeingia kwenye fremu, na udanganyifu wa mwanga kutoka ndani unavunjika papo hapo. Doa la picha ya mfano katika swali la 4 ni la aina hiyo.

8. Je, picha dhahania inahitaji kitu kikuu cha kutazamwa?

Haihitaji kitu, ila inahitaji njia. Jicho liweze kuingia, kusafiri na kupata sababu ya kurudi. Ikiwa kila sehemu ya fremu ina mkunjo wa ukubwa uleule na mwanga wa kiwango kilekile, picha inakuwa kama kitambaa cha dukani: inapendeza, inaweza kukatwa popote, na hakuna kitakachopungua.

Kagua kingo nne moja baada ya nyingine. Katika picha ya mandhari ukingo unaweza kusamehewa kwa sababu mtazamaji yuko katikati akimtazama tembo. Hapa hakuna tembo. Mkunjo unaoishia hasa kwenye kona, au mstari unaokwenda sambamba na ukingo kwa karibu mno, huvuta macho kuliko jambo lolote lililokusudiwa.

9. Naruhusiwa kuigeuza picha juu chini?

Ndiyo, hata mhakiki anaweza kufanya hivyo. Ikiwa nzuri zaidi ilipogeuzwa, sema. Ikiwa haina tofauti yoyote, hilo nalo ni jambo la kusema, kwa maana huenda mwelekeo wa mwanga haukufanya kazi.

## Uhariri, uasilia na chapisho

10. Kubadilisha rangi baada ya kupiga si udanganyifu?

Anayeuliza hivi hudhani kwamba kamera ilikuwa na rangi moja ya kweli kabla ya mtu kuigusa. Haikuwa nayo. Mwanga wa mchana wa wazi hukadiriwa kuwa Kelvini 5,500 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga, ambapo namba kubwa ni buluu zaidi), na wa kivulini chini ya anga ya buluu huweza kupita 7,000. Kamera ikiachwa ijichagulie, hutafuta wastani na kujaribu kuuondoa wekundu unaouona umezidi, yaani hukifuta kile hasa kilichomsimamisha mpiga picha. Ikipangwa kwa mwanga wa mchana, jiwe huwaka na vivuli huwa vya buluu. Ikipangwa kwa kivuli, kila kitu huelekea chungwa. Picha zote tatu zimetoka kwenye mwamba uleule, dakika ileile.

Kwa hiyo mhakiki asiulize kama rangi "zimeguswa". Aulize kama uamuzi uliofanywa unapatana na namna mwanga unavyosafiri ndani ya fremu. Ikiwa mpiga picha anaiwasilisha kama kumbukumbu ya mahali, kwa mfano kwa kitabu cha jiolojia au tangazo la utalii, masharti yanakaza. Kama ni kazi ya sanaa, ana uwanja mpana, ilimradi asiape kwamba hakugusa chochote.

11. Picha za makorongo yanayowaka zimeshapigwa na kila mtu. Bado kuna haja ya kuzihakiki?

Ipo, lakini kiwango kinapanda. Antelope Canyon huingiwa na wageni wakiongozwa na waongozaji tu, wakipita njia ileile, na miale inayoshuka kama nguzo huja katika miezi ya joto ya huko, karibu na adhuhuri, kwa dakika chache. Ndiyo maana maelfu ya picha zinafanana: watu wamesimama mahali pamoja, saa ileile, wakielekezwa na mtu mmoja. Anayeleta picha ya nguzo ya mwanga hastahili kudharauliwa, kwani huenda amesafiri mbali na kulipa sana; ila aelezwe kwamba gharama ya safari haionekani ndani ya fremu.

Inasaidia kumtazama Eliot Porter. Alikuwa mtu wa tiba aliyeiacha akashika kamera, na kuanzia mwaka 1960 alikwenda mara kadhaa Glen Canyon, korongo la Mto Colorado huko Marekani, ambayo ilifunikwa na maji baada ya malango ya bwawa kufungwa mwaka 1963. Porter hakuifuata miale. Alipiga kuta zilizo kivulini zikipokea mwanga uliorudishwa, maji yaliyobeba rangi ya ukuta wa pili, madoa ya madini yaliyoteremka juu ya jiwe. Rangi zake ni nzito na tulivu, na mtu anaweza kukaa nazo. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, somo lake kubwa kwa mpiga picha wa leo ni kwamba mwako mdogo uliowekwa mahali pake hushinda mkubwa uliojaza fremu.

12. Je, mwamba unaowaka unaweza kupigwa kwa nyeusi na nyeupe?

Unaweza, na jaribio la kijivu lililoelezwa katika swali la 6 litakuonyesha mapema kama inafaa. Zingatia kwamba chungwa na buluu zenye mwangaza sawa huwa kijivu kimoja, hivyo mpiga picha anapaswa kuamua rangi ipi ing'ae zaidi wakati wa kugeuza. Picha ikionekana imechoka, kwa kawaida sababu ni kwamba uamuzi huo uliachiwa programu.

13. Kwa nini picha iliyowaka kwenye simu inafifia ikichapwa?

Kwa sababu kioo cha simu hutoa mwanga, na karatasi haitoi. Karatasi hurudisha mwanga wa chumba tu, na sehemu yake nyeupe kabisa ndiyo kikomo. Picha iliyotegemea nguvu ya kioo inapoteza nguvu hiyo yote. Iliyojengwa kwa uhusiano wa sehemu angavu na giza linaloizunguka huhifadhi mwako wake hata kwenye karatasi ya kawaida.

Hivyo, pale inapowezekana, hakiki chapisho. Ukipeleka faili studio ya Kariakoo au kwingine, omba kwanza kipande kidogo cha majaribio, na umweleze fundi asiache mashine ijirekebishe rangi yenyewe. Mashine nyingi zimepangwa kwa ajili ya nyuso za watu na picha za harusi, na zikikutana na fremu nzima ya chungwa huiona kuwa ni hitilafu na kuipoza. Kisha litazame chapisho karibu na dirisha, si chini ya taa ya ofisini yenye ukijani.

## Kupiga na kuhakiki picha za hapa kwetu

14. Dar es Salaam haina makorongo. Mtu ajifunzie wapi?

Kwenye matumbawe. Pwani kuanzia Oyster Bay na Msasani hadi Kunduchi, pamoja na visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ina miamba ya matumbawe ya kale ambayo bahari imeila kwa chini na kuacha dari iliyochongoka. Jua linapochomoza baharini huwa chini sana, mwanga wake huingia chini ya dari hiyo, hugonga mchanga uliolowa na kurudi juu. Kwa muda mfupi dari ya kijivu hupata rangi ya shaba, na pale palipobaki kidimbwi, nyuzi za mwanga hucheza juu yake kama nyavu.

Muda wenyewe ni mchache kweli. Tuko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda karibu wima, na yapata nusu saa baada ya macheo mwanga umeshapoteza wekundu. Bahari nayo ina ratiba yake. Wengi husubiri bamvua, yaani siku za maji makubwa, wakitarajia maji yakupwe sana, lakini katika pwani hii kupwa kwa bamvua huangukia kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa juu, na alfajiri ya siku hizo maji huwa bado yamelifunika tako la mwamba. Kwa picha za macheo ni afadhali siku zilizo karibu na maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, na kwa vyovyote soma jedwali la maji kabla ya kwenda. Usikae chini ya dari ya matumbawe maji yanapojaa.

Katika kuhakiki picha hizi, usizipime kwa kipimo cha Arizona. Tumbawe halina mikunjo laini. Lina matundu, ncha na maganda ya kombe. Mwako wake ni wa vipande vipande, na picha nzuri huukubali ukali huo. Anayeulainisha kwa programu ili ufanane na jiwemchanga amekitupa alichokuwa nacho.

Walio tayari kusafiri wana Isimila karibu na Iringa, ambako mmomonyoko umeacha nguzo ndefu zinazoshika vizuri mwanga wa jioni, na majabali ya graniti ya Mwanza.

15. Na mawe yanayotoa mwanga wenyewe, kama lava?

Hapo chanzo cha mwanga kimo ndani ya fremu, na swali la kwanza linabadilika: je, kuna chochote kinachoonekana zaidi ya chanzo chenyewe? Picha nyingi za lava ni utepe mwekundu juu ya weusi, na umbo la jiwe halipo.

Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa nchi yetu, ni kisa cha pekee. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati yenye sodiamu, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida ya basalti. Mchana lava hiyo huonekana nyeusi au ya hudhurungi kama tope, usiku hutoa wekundu hafifu tu, na ikishapoa hugeuka nyeupe kwa kukutana na unyevu. Mtu akileta picha ya mchana inayodaiwa kuwa ya lava ya Lengai ikiwaka chungwa kali, maelezo hayo yanatosha kuanzisha mazungumzo.

Madini yanayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, kama baadhi ya kalisaiti, huhakikiwa kama picha za studio, kwa kuwa mwanga wote ni wa kupangwa.

## Adabu na mambo yenye utata

16. Nitamwambiaje mtu aliyenizidi umri kwamba picha yake imeharibiwa na rangi?

Kwa swali, na kwa kuonyesha mahali. "Shikamoo Mzee. Naomba kuuliza, hapa chini kushoto, mistari ya jiwe ilikuwa inaonekana kwenye faili ghafi?" Swali hilo lina heshima yote inayotakiwa na halijaficha chochote. Mzee ataifungua faili hiyo ya kamera ambayo haijahaririwa, ataiona mistari, na mara nyingi atasema mwenyewe kilichotokea. Kauli kama "Umezidisha rangi" huwa haiendi popote, hata kwa kijana mwenzako, kwa sababu haina mahali inapoelekeza kidole.

Heshima isitumike kama kisingizio cha kunyamaza. Mkubwa aliyeleta picha kikaoni ameileta isemwe, na kumsifu kinafiki mbele ya wengine kisha kumcheka mkiwa kwenye daladala ni utovu wa adabu mkubwa zaidi.

17. Jina la picha lihesabiwe katika uhakiki?

Lihesabiwe mwishoni. Itazame picha kwanza bila jina. Jina kama "Moto wa Milele" humlazimisha mtazamaji kuona jambo moja na kumfungia mengine. Jina la mahali na mwaka humwacha huru.

18. Nitatambuaje kama picha imetengenezwa na akili mnemba?

Fuatilia mwanga kama ilivyoelezwa katika swali la 4, kisha zifuate tabaka. Katika jiwemchanga halisi, mstari wa tabaka unaopotea nyuma ya mkunjo hutokeza tena upande wa pili mahali panapolingana na mteremko wake. Katika picha zilizotungwa, mistari mara nyingi hufuata ukingo wa mkunjo kana kwamba imechorwa juu yake, na rangi ya chungwa inaonekana hata pale ambapo hakuna ukuta wa kuirudisha. Dalili hizi hazitoshi kumhukumu mtu. Omba faili ghafi au fremu zilizopigwa kabla na baada. Mpiga picha wa kweli wa miamba huwa nazo nyingi kupita kiasi.

19. Nifanyeje kama sioni kosa lolote, lakini picha hainigusi?

Sema hivyo hivyo, na useme ni wakati gani jicho lako liliacha kutazama. Picha za miamba inayowaka zina hatari ya pekee ya kuwa kamilifu na bubu: mwanga upo, mkunjo upo, kingo ni safi, na mtazamaji anapita kwenda kwenye picha inayofuata. Jaribu kutafuta sehemu ndogo iliyokuwa na dalili ya uhai, pengine ufa uliokata mkunjo au kivuli kisichofuata mpangilio, na umuulize mpiga picha kama ana fremu nyingine aliyoisogelea sehemu hiyo. Mara nyingi anayo, na hakuileta kwa sababu aliiona haikuwaka vya kutosha.